Baiskeli Iliyoombewa

Eliya Sumari wa Akheri alianza kwenda kazini kwa baiskeli wakati jambo hilo halikuwa habari kwa mtu. Asubuhi barabara ya kushuka Tengeru ilikuwa na msururu wa baiskeli: makarani, waashi, mafundi cherehani, walimu waliobana suruali kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Walipishana wakisalimiana kwa majina ya baba zao, na aliyepasukiwa na tairi alisubiriwa. Leo amebaki Sumari peke yake. Vijana wa bodaboda wakimwona jioni anasukuma mlima kutoka Patandi humuuliza kama mafuta yamemwishia.

"Mzee Sumari, tukuvute?"

"Kamvute baba yako, yuko kwenye pombe tangu saa nane," hujibu, na haongezi mwendo wala hapunguzi.

Ni mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ni mpishi wa chai katika ofisi ya wapima ardhi iliyoko Kijenge. Watu wakisikia hivyo hutabasamu, kwa sababu siku hizi mtu asiyekuwa na kompyuta mbele yake anahesabiwa hana kazi. Lakini chai ya Sumari haikuwa ya kutabasamia. Alfajiri mkewe Hanna alikamua ng'ombe wao, akachuja maziwa kwa kitambaa, akayatia kwenye dumu jeupe. Sumari alilifunga dumu kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, akashuka taratibu hadi Patandi, akaingia barabara kuu, akapita Shangarai na Ngulelo akipanda kidogo kidogo mpaka mjini. Wapima ardhi walipofika kuchukua vyombo vyao walikuta chai imeshachemka na tangawizi na maziwa yenye utando juu. Walijaza chupa zao za chai, wakaenda kupima.

Wanapima mashamba yetu. Mahali palipokuwa na kahawa na migomba wanachomeka vigingi vya saruji, na baada ya miezi panaota ukuta na geti jeusi. Sumari analijua hilo vizuri kuliko wengi. Hajawahi kulitolea maoni, na mimi nimeacha kumuuliza.

Baiskeli yenyewe ni Swala nyeusi, aliyoinunua mwaka aliooa. Tangu hapo imebadilishwa rimu, pedeli, mnyororo na uma wa mbele, hata ukitafuta kitu cha asili utakuta fremu, tandiko la ngozi na kengele. Tandiko limechukua umbo la mwenyewe. Mtu mwingine akilikalia anaumia. Jioni akirudi alikata majani ya ng'ombe ukingoni mwa Mto Nduruma, akayafunga pale pale lilipokaa dumu asubuhi. Kwa hiyo baiskeli hiyo ilishusha maziwa na kupandisha majani, na nyumba ya Sumari ilikaa juu ya magurudumu hayo mawili.

Kisa chenyewe kilitokea Jumapili ya sikukuu ya mavuno.

Katika sharika zetu za mlimani, siku ya mavuno kila mtu analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku, maharage, sufuria ya loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mayai kwenye kikapu. Vitu vinawekwa uani pembeni mwa kanisa, mchungaji anavinyooshea mikono na kuviombea, halafu vinauzwa kwa mnada. Kilichoombewa hakirudi nyumbani kwa aliyekileta. Hiyo haikuandikwa popote. Lakini zamani za baba zetu palikuwa na mtu aliyeleta beberu, akajuta baada ya maombi, akaja jioni kumfungua kamba na kuondoka naye. Mtu huyo amekwisha kufa na kuzikwa, na hadi leo wajukuu zake wakipita husemwa: hao ni wa yule aliyemnyang'anya Mungu beberu. Mmoja wao alihamia Babati, nadhani kwa sababu hiyo.

Enzi hizo mnadi alikuwa marehemu Mzee Nasari. Hakuwa na kipaza sauti. Alikinyanyua kila kitu kwa mikono yake miwili, kiwe kuku au kabichi, akauliza kwa sauti, "Hiki ni cha nani?" Mwenyewe akasimama, watu wakamwona, wakamwombea heri, ndipo bei ikaanza. Mnada ulichukua mchana mzima, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Siku hizi mnadi ni kijana anaitwa Meshack, ana kipaza sauti na miwani ya jua, na vitu vinapita mbele yake kama abiria wa stendi. Jina la mtoaji halitajwi tena. Wanasema linachelewesha.

Asubuhi hiyo Sumari alileta mkungu wa ndizi, mkubwa, aliouchagua wiki nzima akizunguka shambani. Aliufunga kwenye keria ya baiskeli. Uani alimkuta Mama Kandida, mzee wa kanisa anayepokea matoleo.

"Bwana Yesu asifiwe, Baba Aika."

"Amen, mama. Nishushe wapi?"

"Usishushe, utachafua shati na wewe unaimba. Egemeza hapo ukutani, vijana watashusha."

Sumari akaegemeza baiskeli ukutani, karibu na madebe ya mahindi, akaingia kanisani kujiunga na kwaya ya wazee. Vijana hawakushusha. Walikuwa na simu zao.

Zamani kosa hilo lisingewezekana. Ukuta ule wa kanisa ulikuwa unalaza baiskeli kutoka pembe hadi pembe, na hakuna mtu ambaye angefikiri zimeletwa kwa ajili ya mnada. Sasa uwanja umejaa magari, na bodaboda zimepanga foleni getini. Palikuwa na baiskeli moja tu, ikiwa na mkungu mgongoni, katikati ya matoleo. Mchungaji alipotoka alinyoosha mikono akaviombea vyote.

Sumari alikuwa bado ndani akisaidia kupanga mabenchi. Huko nje Meshack alikuwa ameshachangamka.

"Sasa wapendwa, tazameni upendo huu! Mtu ameleta mkungu na usafiri wake! Hujawahi kuona! Nani anaanza?"

Watu walicheka na kupiga makofi. Wengine tuliokuwa nyuma tulidhani ni mzaha, kwamba anauza ndizi kwa kuzinakshi. Waliokaa karibu walidhani labda ndivyo ilivyo, kwamba Sumari amechoka na baiskeli. Huo ndio ubaya wa kutotaja jina. Hakuna aliyejua vya kutosha kusema hapana.

Calvin Mbise akanyoosha mkono. Huyu ni kijana wa ukoo wetu wenyewe, anapeleka watalii mbugani na amejenga Moshono nyumba yenye mgahawa wa bustani mbele. Alikuja na mkewe na gari refu. Alitaja bei iliyowanyamazisha wote, na Meshack akapiga kelele za kumsifu. Vijana wakapakia baiskeli nyuma ya gari. Mkungu Calvin akaurudisha unadiwe tena, maana ndizi hakuzihitaji.

Sumari alitokea mlangoni wakati gari linafungwa mlango wa nyuma. Aliona gurudumu la mbele limechomoza, likizunguka polepole. Alisimama. Akamgeukia Mama Kandida.

"Imeombewa?"

Mama Kandida alikuwa ameshaelewa. Alijifunika mdomo kwa kanga. "Imeombewa, Baba Aika. Uwiii, ngoja nimwite mchungaji..."

"Usimwite mtu."

"Lakini ni kosa! Ni kosa langu mimi!"

"Nani atajua hilo kesho kutwa? Watajua nilitoa, halafu nikanyang'anya." Akavaa kofia yake. Calvin alipomwona alimpungia mkono kwa furaha, akasema kwa sauti, "Shikamoo mzee! Mungu akubariki kwa moyo wako!" Sumari akaitika marahaba.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Hanna alikuwa amebaki na ng'ombe aliyekuwa anaumwa kwato.

"Baiskeli iko wapi?"

"Imeuzwa mnadani."

"Ya nani?"

"Yetu."

Majirani wote tulisikia yaliyofuata, na sitayaandika. Kwa kifupi, Hanna alitaka kujua kama Mungu naye ameanza kwenda kazini Kijenge.

Jumatatu Sumari alijaribu kwenda kwa miguu hadi Tengeru, dumu mkononi, halafu kupanda gari. Kondakta mmoja alimkatalia kwa sababu ya dumu. Mwingine alimkubali akaliweka chini ya kiti, na maziwa yakamwagikia mfuko wa mwanafunzi. Alijaribu bodaboda, lakini dumu lilitikiswa kwenye matuta hadi siagi ikajitenga kabla ya Ngulelo. Alipofika ofisini, wapima ardhi walikuwa wamekwisha kuondoka na chupa tupu. Wiki hiyo ilikuwa hivyo hivyo. Majani ya ng'ombe nayo hayakupanda, Hanna akawa anakata kwa jirani, na ng'ombe akapunguza maziwa.

Msimamizi wa ofisi ni mwanamke wa Machame anayeitwa Agnela. Si mtu mbaya. Ni wa kizazi kinachotaka jibu kabla swali halijaisha.

"Baba Aika, vijana wangu wanakwenda porini bila chai. Una shida gani?"

"Usafiri."

"Baiskeli imeibiwa?"

"Haijaibiwa."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa?"

Sumari akaanza kufuta meza. Agnela akahema. "Sikiliza baba yangu, mimi nakuheshimu. Lakini wakubwa wameshauliza kwa nini tusinunue birika la umeme na maziwa ya pakiti, kila mtu ajichemshie. Nimewaambia wasubiri. Mwisho wa mwezi huu nitakuwa sina la kuwaambia."

Birika lilikuwa limeshanunuliwa. Sumari aliliona kwenye boksi lake juu ya kabati, na pakiti za maziwa zimepangwa pembeni.

Alimsimulia Hanna usiku huo huo, kwa maneno machache kama kawaida yake. Asubuhi Hanna alivaa gauni la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda Moshono bila kumuaga.

Mgahawa wa Calvin una nyasi za kuletwa kwa gari na viti vya mbao za kreti, kwa sababu sasa kukaa juu ya kreti ni ustaarabu. Kwenye ukuta wa nyuma walikuwa wametundika vitu vya zamani: kibuyu, taa ya chemli, kinu, jembe la mkono. Vitu ambavyo sisi tuna aibu kuonekana navyo, huko watu wanapiga navyo picha. Katikati ya ukuta ilining'inia Swala ya Sumari. Walikuwa wameipaka rangi nyeupe yote, mpaka tandiko. Mbele walichomelea kikapu cha chuma chenye maua mekundu.

Calvin alitoka akikunjua mikono. "Shangazi! Shikamoo! Karibu, kaa, unywe nini?"

"Sitaki kunywa." Hanna hakuitikia hata shikamoo. Alikuwa anatazama ukutani. "Umenunua miguu ya mume wangu ukaitundika. Mmeipaka na chokaa, kama kaburi."

"Shangazi, mbona sielewi?"

"Hakuitoa! Alileta ndizi! Zile ndizi ulizozirudisha, ndizo alizotoa. Baiskeli ilikuwa imezibeba tu, kama wewe ulivyobebwa na gari lako. Mbona gari lako halikunadiwa?"

Wateja wawili wa kizungu waliacha kula. Calvin akakaa kwenye kreti mojawapo.

"Sasa kwa nini hakusema? Mimi nilimsalimia kabisa, akaitika!"

"Wewe ni Mbise au ni mgeni? Sumari angesema? Mbele ya watu, kitu kimeshaombewa?"

"Basi shangazi, nimnunulie pikipiki. Mpya. Leo leo."

"Umeshawahi kumwona Sumari juu ya pikipiki?"

Calvin alifikiri kidogo, akakubali kwamba hajawahi.

Jioni aliishusha ukutani, akaipakia, akaileta Akheri mwenyewe. Alimkuta Sumari anafagia zizi. Akaomba radhi vizuri, kwa adabu, kofia mkononi, hilo sitamnyima. Sumari alimsikiliza mpaka mwisho. Aliitazama baiskeli yake nyeupe yenye maua, na kwa kitambo hakuna aliyejua atalia au atacheka.

"Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Lakini siwezi kuipokea."

"Mzee! Ni ya kwako!"

"Ilikuwa. Imeombewa, ikanunuliwa. Nikiichukua hapa nyuma ya zizi, nimefanya kama yule wa beberu, tena kwa kificho."

Hanna alitupa ndoo chini. "Huyu mwanamume atanizika akiwa anatembea!"

"Sasa nifanye nini, mzee?" akauliza Calvin.

"Irudishe ulikoitoa."

Kurudisha ni desturi yetu pia. Aliyenunua kitu mnadani anaweza kukitoa tena kwa Mungu, kikanadiwa upya. Calvin alikuwa amefanya hivyo na mkungu ule bila kufikiri. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata alikuja na baiskeli, akaisimamisha uani. Mnada wa Jumapili za kawaida ni mdogo: mayai, parachichi, kuku wawili watatu. Mama Kandida alikuwa amepita nyumba kwa nyumba tangu Ijumaa, na sote tulijua la kufanya, yaani kukaa kimya.

Meshack alishika kipaza sauti, akakohoa. Nadhani naye alikuwa ameambiwa mawili matatu, kwa sababu alivua miwani, akauliza, "Hiki ni cha nani?" Sijui alifundishwa na nani. Kwa sauti ile isiyo na uzoefu wa swali hilo, baadhi ya wazee waliinama.

"Ni changu," akasema Calvin, akasimama. "Natoa."

"Nani anaanza?"

Ukimya. Hapo akanyoosha mkono Bwana Godbless, mhasibu aliyehamia kwenye viwanja vipya, ambaye hamjui mtu yeyote na hakuna aliyemfikiria. Akataja bei nzuri kabisa. Alitaka kumfurahisha mtoto wake.

Watu wote waligeuka wakamtazama. Mama Kandida, aliyekuwa nyuma yake, alimshika mkono akaushusha kama anavyoshushwa mtoto anayechokonoa pua.

"Baba, hebu shusha."

"Kwani kuna nini? Si mnada?"

"Ni mnada. Wewe shusha tu, utanunua kuku."

"Kuku gani?"

"Anakuja."

Meshack alijifanya hakusikia bei. Akauliza tena. Sumari akatoka kwenye mstari wa kwaya, akapita katikati ya watu, na chini ya koti akatoa jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. "Jogoo," alisema.

"Jogoo mara ya kwanza! Jogoo mara ya pili!" Meshack alimtazama Bwana Godbless kwa wasiwasi. "Jogoo, mara ya tatu, amekwenda!"

Jogoo akanadiwa pale pale. Bwana Godbless, ambaye sasa alikuwa amenong'onezwa habari yote kutoka pande tatu, alimnunua kwa bei ile ile aliyoitajia baiskeli, na mchungaji akasema hapo kanisa halijapoteza kitu. Mtoto wa mhasibu alilia. Hakuona jogoo anaendeshwaje.

Jumatatu Sumari alishuka na baiskeli nyeupe. Maua alikuwa amempa Hanna, naye akayatupia ng'ombe. Ndani ya kikapu kilichochomelewa aliweka dumu la maziwa, na lilikaa vizuri kuliko lilivyowahi kukaa kwenye keria; ni jambo la kuudhi lakini ni kweli. Kengele haikuwepo. Waliing'oa huko Moshono wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyekumbuka walipoiweka. Kwa hiyo asubuhi ile sikusikia kengele barabarani, nilisikia mluzi.

Pale Patandi vijana wa bodaboda walisimama wote.

"Bibi harusi huyo anapita! Mzee Sumari, bwana harusi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwenu, anaongea na mama yako," akajibu, bila kukanyaga breki.

Alifika Kijenge mapema. Birika la umeme lilikuwa limetolewa kwenye boksi, lipo mezani, waya umezungushwa. Alilisogeza pembeni, akawasha jiko lake, akachemsha. Agnela aliingia, akamimina kikombe, akanywa akiwa amesimama.

"Zile pakiti," alisema, "mpe mlinzi."

Wapima ardhi walikuja wakijazana mlangoni na vyombo vyao, wakicheka, wakaulizana harusi ni ya nani huko nje. Siku hiyo walikuwa na kazi kubwa, tena ya mlimani. Walikuwa wanakwenda Akheri, kwenye shamba la marehemu Mzee Nasari. Wanawe wamekubaliana kung'oa kahawa na kulikata viwanja. Mmoja akamuuliza Sumari kama analijua.

"Nalijua," alisema Sumari. Akachukua chupa zao moja moja, akazijaza chai hadi juu, akafunga vifuniko.